Nembo ya Bega Iliyofifishwa

Sare ya askari ni kauli inayotangulia maneno yake. Kabla hajafungua kinywa, raia aliye mbele yake amekwisha kuambiwa mambo matatu: kwamba mtu huyu hakujituma, kwamba aliyemtuma ni fulani, na kwamba likitokea la kulalamikiwa yuko wa kuulizwa. La kwanza husemwa na rangi ya nguo na umbo la kofia. La pili huachiwa nembo ya bega, yaani kipande cha kitambaa kilichodariziwa, upana wake kama kiganja, kilichoshonewa mkono wa shati chini kidogo ya bega. Na la tatu husemwa na namba au jina lililowekwa kifuani. Nchini Marekani, ambako vyombo vya kulinda sheria hukaribia 18,000, na kila mji, kila wilaya na kila idara hujichagulia mavazi yake, nembo hiyo si pambo. Askari wawili waliovaa nguo nyeusi za namna moja waweza kuwa watumishi wa mabwana wawili wasiojuana, na kinachowatenga ni nyuzi zilizo mabegani mwao.

Katika miongo ya karibuni imeenea huko desturi ya kuififisha nembo hii. Njano, nyekundu na nyeupe huondolewa. Mahali pake hutiwa uzi mweusi juu ya kijani kilichokoza, au kijivu cha giza juu ya nyeusi, au kahawia juu ya rangi ya mchanga. Umbo hubaki vilevile, maneno hubaki vilevile, ila sauti hushushwa. Mwenye kuagiza kazi humwambia mchoraji kwamba anataka nembo isiyopiga kelele, na mchoraji humwelewa mara moja. Lakini lipo swali ambalo mchoraji haulizwi wala haulizi, nalo si la ufundi: je, mwenye mamlaka ya kumkamata mtu ana haki ya kulinong'ona jina lake?

Haifai kulijibu swali hilo kabla ya kuukiri uzuri wa kazi yenyewe, maana uzuri upo. Pwani ya Afrika Mashariki haihitaji kufundishwa jambo hili. Kofia nyeupe ya kudarizi kwa mkono, inayovaliwa Lamu, Unguja na Ngazija, hupambwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Aliye ng'ambo ya njia huona weupe tu. Aliyekaribia akapeana mkono na mwenye kofia ndiye aonaye matobo madogo yaliyozungushiwa uzi, mistari inayokwenda na kurudi, na subira ya siku nyingi iliyolala humo. Huo ni ufifishaji wa adabu: pambo halimkimbilii mtu njiani, humngoja akaribie. Mwenye kofia hapungukiwi na kitu kwa kutosomwa na mpita njia, wala mpita njia hapungukiwi na kitu kwa kutomsoma. Hapo ndipo njia zinapoachana. Kofia haimwamuru mtu asimame, haimtii pingu, wala haimpeleki mahali asipopataka. Staha ya kofia ni staha kwa kuwa haimnyimi mtu chochote anachokidai kwa haki. Nembo ya askari ni deni, na mdaiwa anayeshusha sauti wakati wa kutajwa jina lake hasifiwi kwa haya.

Deni hilo laonekana wazi zaidi mtu akiyatazama mambo ya uzi. Kudarizi kwa mashine ni kazi ya tangu zamani: Josué Heilmann wa Mulhouse alibuni mashine yake mwaka 1828, na mwaka 1863 Isaak Gröbli wa Uswisi akatengeneza nyingine iliyotumia nyuzi mbili, mmoja mbele na mmoja nyuma, mfano wa cherehani. Leo sindano huongozwa na kompyuta, walakini uzi ungali na unene wake, na hauwezi kuchora yote ayawezayo mwenye kalamu. Herufi iliyo fupi kuliko milimita tano hujaa uzi. Matundu ya A na R huziba, na neno hugeuka kuwa mstari wenye vinundu. Katika nembo ya rangi jicho husaidiwa na mambo mawili, tofauti ya rangi na tofauti ya mwanga. Nembo iliyofifishwa hulikata la kwanza na kulipunguza la pili, hata kikabaki kitu kidogo sana: mng'ao wa uzi. Uzi wa rayoni hung'aa, wa poliesta uliokusudiwa usimetemete haung'ai. Mishono iliyolala kulia hupokea nuru tofauti na iliyosimama wima, na kwa sababu hiyo hata nyeusi juu ya nyeusi yaweza kusomeka, mradi jua liwe upande wake na msomaji awe karibu kama kinyozi.

Hapa lakini yafaa kuwatendea haki watetezi wa nembo hizo, kwa kuwa rangi kali si sawa na kusomeka. Yako mabega mengi yaliyobeba tai, meli, mlima, mizani na jua linalochomoza, katika rangi nane au tisa, na jina la mji likazungushwa ukingoni kwa herufi ambazo mwenyeji wa mji huo mwenyewe huzijua kwa kukariri. Tena jioni rangi humsaliti mwenye kuzitegemea. Jan Purkyně aliona mapema katika karne ya 19 kwamba giza linapoingia nyekundu hufa kwanza na buluu hudumu. Kwa hiyo herufi nyekundu juu ya buluu, zinazopiga kelele saa sita mchana, huwa bubu saa moja usiku. Mchoraji anayesema kwamba wingi wa rangi si ukweli, na kwamba kijivu cheupe juu ya nyeusi husomeka kuliko bustani nzima ya maua, anasema kweli. Lakini husema hivyo kwa nadra. Aghalabu kijivu anachopewa ni kile kilicho jirani na nyeusi.

Desturi yenyewe ilitoka vitani. Divisheni ya 81 ya jeshi la Marekani ilipokwenda Ufaransa mwaka 1918 ikiwa na picha ya paka-mwitu begani, vikosi vingine vilinung'unika, kisha Jenerali Pershing akaikubali alama hiyo mwezi wa Oktoba, na vikosi vyote vikatafuta zao. Zilikuwa nembo za rangi, zilizotakiwa zionekane, maana kamanda katika vurumai alihitaji kuwajua watu wake. Yalipofika mapigano ya Vietnam katika miaka ya 1960, rangi hizo zikawa hatari. Njano moja katika msitu wa kijani humpa mwenye bunduki mahali pa kulenga. Jeshi likaamuru nyeusi juu ya kijani. Amri hiyo ilikuwa na akili na ilikuwa na haki, kwa sababu iliyatazama macho ya mtu mmoja tu, adui, na adui hana haki ya kusoma jina la anayempiga vita.

Kutoka huko nembo iliyofifishwa ikaingia mjini. Vikosi maalumu vya polisi vilianza katika miaka hiyohiyo ya 1960, Los Angeles ikiwa miongoni mwa miji ya mbele. Na tangu miaka ya 1990 sheria iliruhusu zana na mavazi yaliyozidi jeshini yagawiwe polisi. Nguo ilisafiri na nembo yake, na nembo ikasafiri na fikira yake. Hakuna aliyeketi akaamua kwamba sasa raia awe adui. Uamuzi wa namna hiyo haukuhitajiwa. Ilitosha kuchukua kitu kilichotungwa kwa kumkusudia mtazamaji mmoja na kukiweka mbele ya mtazamaji mwingine. Mama anayefungua mlango alfajiri amewekwa mahali pa mtu wa msituni, naye hajui kwa nini haoni herufi.

Tena hata vita havikuwahi kukubali kwamba kila mwenye silaha ajifiche apendavyo. Kanuni zilizoafikiwa The Hague mwaka 1907 ziliwataka wapiganaji wa kujitolea, pamoja na masharti mengine, wawe na alama moja isiyobadilika, inayotambulikana kwa mbali, ndipo wahesabiwe kuwa wapiganaji wa halali. Ni ajabu basi kwamba sharti alilowekewa mpiganaji asiye na jeshi la kawaida lionekane kuwa zito mno kwa askari wa mjini mwenye mshahara, ofisi na mahakama nyuma yake.

Polisi wa London walipoanzishwa na Robert Peel mwaka 1829, Waingereza wengi walichelea kwamba jeshi linaletwa mlangoni mwao kwa jina jingine. Jawabu lilitolewa kwa nguo. Jeshi lilivaa nyekundu, polisi wakavishwa buluu. Na kwenye ukosi wa kila mmoja zikawekwa herufi ya kituo chake na namba yake. Namba ile haikuwa na uzuri wowote. Iliwekwa ili muuza samaki asiyejua jina la askari aweze kwenda kituoni na kusema ni namba fulani aliyempindulia kapu. Katika jambo hilo dogo imo nadharia nzima ya serikali, na pengine wasomi wengi wameandika vitabu vikubwa bila ya kuifikia: kwamba nguvu ya umma hukopeshwa, na mkopeshaji sharti ajue nani anayo.

Hoja iliyo na uzito kuliko zote upande wa pili ni uhai wa askari. Anayeingia gizani katika nyumba yenye mtu mwenye bunduki hana wajibu wa kuvaa shabaha begani, na anayedai avae hivyo anadai damu ya mtu mwingine kwa ajili ya nadharia yake. Hilo likubaliwe bila ya kigugumizi. Iko pia hofu mpya, nayo ni ya kweli: zamani jina la askari liliishia mtaani, leo laweza kupigwa picha na kwa dakika chache likafuatwa mpaka nyumbani kwake, kwa mkewe na watoto wake. Lakini hoja hizi mbili, zikipimwa vizuri, hazifiki mbali kama zinavyovutwa. Ya kwanza yawahusu wachache kwa saa chache. Haimhusu askari anayesimamisha magari mchana, wala anayesimama mbele ya umati wenye mabango. Ya pili hudai jina lifichwe, na wala haikudai zaidi. Namba ya London huitosheleza kabisa, kwa kuwa namba haina anwani ya nyumba, na daftari la namba hukaa mikononi mwa anayeweza kuulizwa. Na jina la mji au la idara halina mke wala watoto. Hakuna anayelindwa kwa kulififisha.

Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, amemfanya Glaucon asimulie habari za mchungaji wa Lydia aliyeokota pete. Akiigeuza kito ndani haonekani, akiigeuza nje huonekana tena. Kwa pete hiyo alimpata malkia, akamuua mfalme, akaitwaa nchi. Glaucon alitaka kujua kama yuko mtu ambaye, akiwa na pete kama ile, angebaki mwadilifu. Kwa kawaida hadithi hii husomwa kama swali juu ya moyo wa mchungaji. Yafaa isomwe pia kwa upande wa wale waliokutana naye. Wao hawakuwa na haja ya kujua moyo wake ulivyo, walikuwa na haja ya kumwona.

Wanasaikolojia wameijaribu pete hiyo kwa njia yao. Mwaka 1969 Philip Zimbardo alichapisha habari za jaribio ambamo wanafunzi wanawake waliofunikwa vichwa na mavazi mapana, wasiojulikana majina, waliruhusiwa kumpa mtu mwingine mapigo ya umeme. Umeme haukuwa wa kweli, lakini wao waliamini ni wa kweli, nao walibonyeza kwa muda mrefu kuliko wenzao waliovaa majina yao. Jambo hilo lingetosha kuwafurahisha wenye kupenda majibu mepesi, kama Robert Johnson na Leslie Downing wasingelirudia mwaka 1979 kwa mabadiliko. Waliwavisha baadhi ya watu majoho yaliyofanana na ya Ku Klux Klan, na wengine sare za wauguzi. Waliovaa sare za wauguzi, walipofichwa wasijulikane, walipunguza ukali wao.

Basi kufichika peke yake hakumwongozi mtu kwenye uovu. Humtupa mikononi mwa nguo aliyoivaa, akatenda kama nguo inavyomwambia. Jawabu hili haliwapi nafuu watetezi wa nembo iliyofifishwa, huwaongezea mzigo. Kama ingekuwa kitambaa cheupe chenye alama hafifu ya hospitali, shauri lingekuwa jingine. Lakini nembo hii huficha, na papo hapo humkumbusha aliyeivaa msitu, doria na adui. Hufanya mawili kwa uzi mmoja.

Gharama ya kutosomeka hulipwa baadaye, katika ofisi ya mpelelezi. Mwaka 2007, baada ya mechi ya mpira mjini Munich, mashabiki wawili walidai kwamba walipigwa na kunyunyiziwa dawa ya kuwasha na polisi waliovaa kofia za chuma. Nyuma ya kofia hizo palikuwa na namba ya kikosi, wala si ya mtu. Upelelezi ukafanywa, ukafungwa, kwa kuwa haikujulikana nani kati ya wengi. Shauri likafika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, nayo ikaamua mwezi wa Novemba 2017. Haikusema kwamba watu wale walipigwa, maana hilo halikuweza kuthibitishwa tena. Ilisema kwamba Ujerumani ilikosa kuendesha upelelezi wenye nguvu, na kwamba askari wanaofunikwa nyuso wapasa kuonyesha alama ya kumtambulisha kila mmoja, mathalani namba yake. Yafaa kutazama jinsi hukumu hiyo ilivyo na huzuni kwa pande zote. Kama wale wawili walisema kweli, waliowapiga hawakuadhibiwa. Kama walisema uongo, askari wote wa kikosi kile walibaki chini ya kivuli ambacho namba moja ingewaondolea. Askari mwema ndiye anayepoteza zaidi katika giza la wengi, kwa sababu wema wake nao haujulikani.

Mambo ya namna hiyo hayakuishia Ulaya. Mwezi wa Agosti 2024 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa amri ya muda ya kuwakataza polisi wasifiche utambulisho wao katika maandamano, baada ya miezi ambamo wasio na sare walionekana wamefunika nyuso katika magari yasiyojulikana. Na huko Washington, mwezi wa Juni 2020, raia waliwauliza watu wenye silaha waliosimama barabarani kwamba ninyi ni nani, wakajibiwa kwa kimya. Kutokana na hayo sheria ya matumizi ya ulinzi iliyopitishwa Januari 2021 iliwataka watumishi wa serikali kuu wanaopelekwa kwenye ghasia za raia waonyeshe, kwa namna inayoonekana, jina au alama ya pekee ya mtu mwenyewe na jina la chombo chake. Wakaachwa wale ambao kazi yao ya kila siku haina sare au ni ya kujificha.

Neno lililobeba sheria hiyo ni kuonekana, na sheria haikulipima. Haikutaja rangi, haikutaja urefu wa herufi, haikutaja hatua ngapi. Kwa hiyo maana yake haimalizwi bungeni. Humalizwa juu ya meza ya mchoraji wa nembo, anapochagua kijivu hiki badala ya kile. Mwenye kuagiza aweza kudai kwamba jina lipo, na lipo kweli, nyeusi juu ya nyeusi, kwa atakayeruhusiwa kusogeza uso wake mpaka begani mwa mtu mwenye bunduki. Wengine huiita nembo ya bega kiraka, na kwa nembo kama hiyo jina hilo limepata. Kiraka hushonwa ili kufunika.

Mchoraji hana madaraka ya kukataa kila kazi, wala hakuna aliyemchagua kuwa hakimu. Hata hivyo mengi yamo katika uwezo wake bila ya ugomvi. Aweza kuondoa tai na meli na kuwaachia nafasi herufi. Aweza kuutuliza mchoro wote kama atakavyo mteja, na jina la mji peke yake akaliacha katika uzi mweupe uliopunguzwa kidogo, urefu wa kidole gumba. Aweza kuomba nembo ishonwe pande zote nne badala ya kubandikwa kwa velkro, kitu ambacho George de Mestral alikipatia hataza mwaka 1955 baada ya kuona jinsi mbegu za porini zilivyoganda kwenye manyoya ya mbwa wake. Velkro ni rahisi kwa kufua na rahisi kwa kung'oa. Nembo iliyo wazi kuliko zote huwa si kitu ikiwa mfukoni, na begani pakabaki mstatili wa nywele fupi usio na maneno.

Na kabla ya kuipeleka kazi kiwandani, aitundike ukutani nje ya nyumba saa kumi na mbili na nusu jioni, ahesabu hatua kumi, kisha amwite mtu ambaye hajapata kuiona, amwombe asome ni askari wa wapi. Asimsaidie kwa neno lolote. Akishindwa kusoma, nembo irudi mezani.